Ramani ya ukame inapobishana na shamba: kutafuta kosa, Dodoma ikiwa mfano

Umemaliza ramani yako ya hatari ya ukame kwa kilimo. Rangi zimekaa, ufunguo upo, mshale wa kaskazini upo. Unaitandaza mbele ya maafisa ugani, na mmoja wao anaitazama, anakohoa kidogo, kisha anauliza kwa adabu zote: "Samahani mtaalamu, hapa palipo kijani kibichi si ndipo wenzetu walipovuna mabua matupu?" Swali la namna hiyo limeshanikuta, na kubishana hakukunisaidia. Kilichosaidia ni kurudi nyuma hatua kwa hatua hadi mahali ramani ilipoanza kudanganya.

Natumia Mkoa wa Dodoma kwa sababu una karibu kila mtego wa kazi hii. Mvua yake ni ya msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na sehemu kubwa ya mkoa hupata milimita 500 hadi 700 hivi kwa mwaka. Watu wanalima mtama, uwele, mahindi, alizeti, karanga, ufuta na zabibu. Bahi wanalima mpunga. Aliyeko Singida au Shinyanga atabadilisha tarehe kidogo tu. Aliyeko Kitui, Kenya, ana misimu miwili ya kuhangaika nayo, lakini makosa atakayokutana nayo ni haya haya.

Shika jambo moja kabla ya kuwasha kompyuta. Ukame wa kilimo ni zao kukosa maji kwenye mizizi wakati linapoyahitaji. Mvua ni mojawapo tu ya sababu. Dalili nyingi zilizo hapa chini zimetokana na mtu kusahau hilo.

Mwaka wa njaa hauonekani

Watu wanaukumbuka msimu wa 2005/06. Ulifuatwa na mgao mkali wa umeme wa 2006, maji ya bwawa la Mtera yalipopungua. Unafungua jedwali lako: 2005 si mbaya sana, 2006 ni mwaka wa kawaida. Njaa imekwenda wapi?

Imegawanywa vipande viwili. Umejumlisha mvua Januari hadi Desemba, na msimu wa Dodoma unavuka mwaka mpya. Mwaka 2006 wa kalenda una nusu ya pili ya msimu mbaya, halafu unapokea mvua kubwa za mwishoni mwa 2006 zilizofurisha sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Ukichanganya chungu na tamu unapata vuguvugu.

Jumlisha kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 30 Aprili, na uandike jina la msimu kwa miaka miwili, 2005/06, hata kwenye majina ya mafaili. Hesabu pia msimu wa kwanza vizuri. Data za mvua za CHIRPS, makadirio ya setilaiti yaliyosahihishwa kwa vipima mvua, zinaanza Januari 1981, kwa hiyo msimu kamili wa kwanza ni 1981/82. Picha za setilaiti za MODIS zinaanza Februari 2000. Msimu wa kwanza ulio mzima ni 2000/01. Nimeona ramani ambayo "msimu mbaya kuliko yote" ulikuwa ule wa kwanza kwenye orodha, kumbe ulikuwa na miezi minne tu.

Mvua ilitosha, mavuno hayapo

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote, na ndiyo inayowavunjia wataalamu heshima vijijini. Jumla ya msimu ni milimita 560, juu kidogo ya wastani, ramani inasema salama, na mkulima wa Chamwino amevuna gunia moja mahali pa kumi.

Tazama mvua iliangukaje. Kuna mambo matatu ya kuchunguza, na yanaweza kutokea yote katika msimu mmoja.

La kwanza ni mwanzo wa uongo. Mvua inanyesha siku mbili mwanzoni mwa Desemba, watu wanapanda, kisha mbingu zinafunga wiki tatu. Mbegu zilizoota zinakauka. Wanaopanda upya wanakuwa wamepoteza mbegu na wiki ambazo msimu mfupi kama huu hauzirudishi. Kanuni inayotumika sana ni kuhesabu mwanzo wa msimu pale zinapopatikana angalau milimita 20 ndani ya siku mbili, bila kipindi cha ukavu kinachozidi siku 10 ndani ya siku 30 zinazofuata. Iendeshe kanuni hiyo mara mbili: ikiwa na sharti la ukavu, kisha bila sharti. Pale majibu mawili yanapotofautiana ndipo penye mwanzo wa uongo, na ramani ya misimu ya namna hiyo ina thamani kuliko ramani ya wastani wa mvua.

La pili ni ukavu wa katikati, ambao Dodoma mara nyingi huangukia Februari. Mahindi yaliyopandwa katikati ya Desemba yanatoa mbelewele na ndevu wakati huo huo. Hapo zao halina subira: wiki mbili za jua kali wakati wa kuchanua zinakula mavuno kuliko wiki nne za jua likiwa bado changa. Mtama una uvumilivu mwingine kabisa. Unaweza kusimama, ukakunja majani, kisha ukaendelea mvua ikirudi. Kwa hiyo ramani ya ukame wa "mazao" kwa jumla haimsemei mkulima yeyote. Chora ya mahindi na chora ya mtama, kila moja peke yake, na utaona ramani ya mahindi inavyoiva kwa wekundu.

La tatu ni mvua ya kupasua. Milimita 70 zikianguka jioni moja juu ya ardhi iliyokauka, nyingi zinakimbilia korongoni. Kwenye jedwali zimehesabiwa, kwenye mizizi hazikufika.

Tahadhari kuhusu data. Usihesabu vipindi vya ukavu kwa data za kila siku za CHIRPS kana kwamba zilipimwa siku kwa siku. Msingi wake ni vipindi vya siku tano, na za kila siku hupatikana kwa kuvigawa. Juu ya hapo, makadirio ya setilaiti yana tabia ya kutandaza manyunyu siku nyingi kuliko yanavyonyesha kweli, hivyo ukavu wa siku 14 unaweza kukatwa katikati na milimita 1.5 ambazo hakuna aliyeziona. Weka kiwango, siku isiyofika milimita 2 au 3 ihesabiwe kavu, na ulinganishe na kipima mvua cha kweli hata kama ni kimoja tu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ina vituo vyake, na baadhi ya shule na misheni zimetunza madaftari ya mvua kwa miongo. Daftari moja lililoandikwa kwa mkono liliwahi kunirekebishia kazi ya miezi miwili.

Baada ya hapo hesabu kiwango cha kutosheka kwa maji, kile kinachojulikana kwa kifupi cha WRSI: maji ambayo zao lilipata ukigawa kwa maji ambayo lilihitaji, mara 100. Chini ya 50 zao huhesabiwa limeshindwa. Kwa vipimo vya FAO mahindi yanahitaji milimita 500 hadi 800 kwa msimu, mtama 450 hadi 650. Ziweke namba hizo kando ya mvua ya Dodoma na mengine yatajieleza.

Mashamba jirani, rangi moja, mavuno mawili

Pikseli ya CHIRPS, yaani mraba mmoja wa ramani yake, ina upana wa kilomita 5.5 hivi. Ndani yake kuna kichanga cha mlimani, tifutifu la bondeni na mfinyanzi mweusi wa mbuga, na kila udongo una benki yake ya maji. Kichanga kinaweza kutunza milimita 60 hadi 100 kwa kila mita ya kina, tifutifu likatunza karibu mara mbili yake. Katika ukavu wa siku 12 tofauti hiyo ndiyo mavuno.

Ongeza safu ya udongo. SoilGrids ina ramani za mita 250 na iSDAsoil imeshuka hadi mita 30 kwa Afrika. Usizichukue kama Msahafu, maana ni makadirio ya kompyuta kutoka kwenye sampuli zilizotawanyika. Chimba mashimo machache, minya udongo kwa vidole, linganisha.

Kongwa ina kumbukumbu ya kufundisha hapa. Mwaka 1946 ujumbe wa Waingereza ulizunguka Tanganyika kwa wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege, ukaamua karanga zitastawi kwa mamia ya maelfu ya hekta. Kazi ikaanza 1947. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi unaokuwa kama saruji jua likipiga; majembe ya trekta yakachakaa, karanga zikagoma kung'oka, mvua nazo zikaja kwa matakwa yake. Mradi uliachwa 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Walitazama juu, hawakuchimba chini.

Ramani inalia ukame wakati barabara haipitiki kwa matope

Januari, mito inatiririka, na fahirisi ya ukijani ya NDVI imeporomoka. Mara nyingi ni wingu. Setilaiti imepiga picha ya mgongo wa wingu, na wingu halina klorofili.

Bidhaa ya MODIS ya mita 250 inayotolewa kila siku 16 huja na safu ya uaminifu wa pikseli: 0 ni nzuri, 1 ni ya kutumia kwa hadhari, 2 ni theluji au barafu, 3 ni mawingu. Baki na 0, ukubali 1 pale usipokuwa na hiari, tupa nyingine. (Ukikuta namba 2 Dodoma, usikimbilie koti.) Kisha lainisha mfululizo wa wakati ili shimo la wiki mbili lisilolingana na jirani zake lizibwe.

Kosa hili lina pacha ambaye hutajwa mara chache. Wengi hutumia VCI, fahirisi ya hali ya uoto: NDVI ya leo, toa ya chini kabisa kuwahi kuonekana kipindi hicho, gawa kwa tofauti ya juu na chini, mara 100, chini ya 35 ni ukame. Sasa wingu likiharibu picha ya leo, VCI inashuka na ramani inalia bure. Lakini wingu likiharibu picha moja ya 2007, ile "ya chini kabisa" inakuwa ya uongo, na kuanzia hapo kila mwaka mwingine unaonekana wa neema, hata wa njaa. Wingu lile lile, makosa mawili yanayopingana. Ndiyo maana husafishi picha za mwaka unaouchunguza tu. Unasafisha historia yote.

Hakikisha pia umezidisha namba kwa 0.0001. Faili huandika 5200 likimaanisha 0.52, na pikseli tupu huandikwa -3000. Pikseli tupu chache zikiingia kwenye wastani wa kata, kata hiyo inageuka jangwa. CHIRPS nayo huandika -9999 pasipo na data. Angalia kima cha chini cha kila safu kabla ya kufanya lolote. Ni dakika moja.

Kijani tele, ghala tupu

Hapa wingu halihusiki. Picha ni safi na ukijani ni wa kweli, ila si wa zao.

Vichaka vya miti ya miiba huchipua kwa mvua ya kwanza na havijali Februari ikikauka. Shamba lililoachwa kwa sababu mbegu zilikufa huota magugu yanayong'aa kuliko mahindi. Mashamba ya zabibu ya Hombolo na Chinangali hubaki kijani miezi ambayo mtama umekwisha kuvunwa. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na penye umwagiliaji hazisubiri mbingu. Kule wanakofuga visiki hai, yaani kuacha visiki vya zamani vichipue kuwa miti, ukijani wa kiangazi unapanda mwaka hadi mwaka. Ni jambo jema, lakini ukilisoma kama "ukame umepungua" umekosea.

Kondoa inaonyesha hili kwa miaka mingi zaidi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na 1979 mifugo iliondolewa kwenye eneo lililomomonyoka. Anayechukua picha za setilaiti za Landsat kuanzia miaka ya 1980 ataona pale uoto unavyojirudisha, na akiwa hajui historia atasifia mvua.

Tiba ni kuchuja mashamba kabla ya kuhesabu. Ramani ya WorldCover ya mita 10, inayoonyesha kilichofunika ardhi, iliyotolewa kwa miaka ya 2020 na 2021, ni pa kuanzia, ila katika nyanda kavu huchanganya nyasi na shamba lenye mibuyu katikati. Nilipofanya kazi hii nilikaa na afisa ugani wa kata, simu mkononi, tukaweka alama mashamba 200 kwa siku nne: hili mtama, hili limelala, hili kichaka. Chujio lililotokana na alama hizo lilibadilisha ramani kuliko fahirisi yoyote niliyoongeza baadaye.

Bahi ni kesi ya peke yake. Mpunga wa Bahi hunywa maji yanayoshuka na mito, hasa Bubu unaotoka nyanda za Kondoa. Mvua ya pikseli ya Bahi inaweza kuwa duni na mpunga ukastawi. Inaweza kuwa nzuri, Kondoa ikakauka, mpunga ukafa. Kwa mashamba yale tumia mvua ya bonde la mto juu yake. Kama huwezi, yatoe kwenye ramani na uandike kwamba umeyatoa.

SPI ya Julai imepaa ghafla

Pikseli moja inasema mvua kubwa isiyo na kifani, jirani yake kawaida. Umekokotoa SPI, kipimo kinacholinganisha mvua na historia ya mahali penyewe, ya mwezi mmoja katika mwezi usio na mvua. Mahali ambapo historia yote ni sifuri, milimita 3 za bahati ni muujiza wa kihesabu. Dodoma usikokotoe SPI ya Juni hadi Septemba kabisa. Kokotoa ya miezi mitatu inayoishia Februari na ya miezi sita inayoishia Aprili, kwa historia ya miaka 30 au zaidi.

Ramani ya "marudio ya ukame" imetoka rangi moja

Dalili hii niliichelewa kuielewa, na bado naiona kwenye ripoti za watu wazima. Umehesabu ni misimu mingapi kati ya 1981/82 na 2023/24 SPI ilishuka chini ya -1, ukatumaini kuona Bahi nyekundu na milima ya Mpwapwa kijani. Badala yake kila mahali ni misimu sita, saba, nane, na tofauti zilizopo hazina mpangilio.

Programu haijaharibika. SPI hupima kila mahali kwa kipimo cha mahali penyewe: imeundwa ili thamani chini ya -1 zitokee takriban mara 16 katika 100, iwe Dodoma au Bukoba. Umeuliza kila mtu kama yeye ni mrefu kuliko nusu ya ndugu zake, halafu ukashangaa kijiji kizima kuwa na kimo kimoja. SPI inakwambia msimu huu ukoje ukilinganisha na mazoea ya hapa. Haikwambii wapi pana ukame zaidi.

Kwa marudio tumia kipimo kinachotoka kwenye zao: misimu mingapi WRSI ya mahindi ilishuka chini ya 50, au misimu mingapi ilikuwa na ukavu wa zaidi ya siku 15 wakati wa kuchanua. Hapo mkoa utagawanyika mbele ya macho yako.

Theluthi ile ile ni nyekundu kila mwaka

Hata 2019/20, mwaka ambao malalamiko yalikuwa ya mafuriko. Fungua mipangilio ya rangi. Kama programu imegawa thamani katika makundi yenye idadi sawa ya pikseli, lazima kundi la mwisho lipakwe rangi nyekundu, liwe limekauka au limezama. Namna ya kufuata mipasuko ya asili ya data nayo huhamisha mipaka kila mwaka, hivyo nyekundu ya mwaka huu si nyekundu ya mwaka jana. Weka mipaka isiyohama: -1, -1.5 na -2 kwa SPI, 35 kwa VCI, 50 kwa WRSI. Mwaka wa neema ramani iwe kijani yote, na mkubwa wako asiogope.

Jiji la Dodoma liko baharini

Safu moja imekaa mahali pake, nyingine imeogelea hadi ndani ya Bahari ya Hindi. Longitudo 36 inapita ndani ya mkoa huu, na ndiyo mpaka wa kanda za UTM, mfumo wa viwianishi vya mita. Jiji la Dodoma na Bahi ziko kanda ya 36 Kusini, Kongwa na Mpwapwa ziko ya 37. Viwianishi vya kanda ya 36 vikisomwa kama vya 37 vinaruka digrii sita mashariki. Vikitokea karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, umechagua N badala ya S.

Hilo kubwa linaonekana. Hatari ni lile dogo. Ramani nyingi za zamani za Tanzania na baadhi ya mipaka ya vijiji zimejengwa kwa datamu (msingi wa kupimia mahali duniani) ya Arc 1960, na GPS ya simu inatumia WGS84. Ukizichanganya bila kubadilisha, vitu vinahama takriban mita 300. Kwenye pikseli ya mvua hutaona kitu. Kwenye MODIS umehama pikseli nzima, na kwenye picha za setilaiti ya Sentinel-2 za mita 10 sampuli yako ya mtama imeangukia shamba la mtu mwingine. Tumia kanda moja kwa mkoa mzima, na eneo kwa hekta lipimwe kwenye makadirio ya ramani (projection) yanayolinda ukubwa wa eneo.

Mizunguko kama macho ya bundi

Umetandaza mvua kutoka vituo vichache kwa kupima umbali tu, na kila kituo kimejizungushia duara. Nchi haina mvua ya duara. Acha setilaiti itoe umbo, vituo vitumike kusahihisha kiwango.

Uzito umebadilika kidogo, ramani imepinduka

Umechanganya SPI, VCI, unyevu wa udongo, joto, mteremko, idadi ya watu. Umegawa uzito kwa njia ya Saaty ya kulinganisha viwili viwili, uwiano wa uthabiti uko chini ya 0.10, kila kitu halali. Kisha unapunguza VCI kutoka 0.30 hadi 0.25 na wilaya nzima inatoka kwenye wekundu.

Kwanza, uthabiti chini ya 0.10 unasema hukujipinga mwenyewe. Hausemi uko sahihi. Pili, SPI, VCI na unyevu wa udongo vinaimba wimbo mmoja; ukiviweka vyote umeipigia mvua kura tatu. Pima uhusiano kati ya kila jozi, na palipo na zaidi ya 0.8 baki na kimoja. Kisha tikisa uzito wote mara mia kadhaa kwa asilimia 20 juu na chini, uchore ramani ya pili inayoonyesha wapi jibu linatikisika. Mimi nikiona kazi yenye viashiria 14 huwa nashuku mwandishi ameogopa kuchagua.

Hakuna data ya mavuno inayolingana

Unataka kuhakiki, na mfululizo wa mavuno unakatika. Bahi na Chamwino hazipo kabla ya 2007. Zilikuwa Dodoma Vijijini. Chemba ilimegwa kutoka Kondoa 2012. Unganisha wilaya mpya zirudi kwenye mipaka ya zamani, maana huwezi kuigawa Dodoma Vijijini ya 1995 bila kubuni. Ondoa mwelekeo wa muda mrefu kwanza, kwa kuwa mbegu mpya na eneo kupanuka vinapandisha namba bila mvua kuhusika. Na ukumbuke makisio mengi ya wilaya ni ya macho: afisa amesimama kando ya shamba, akakadiria magunia. Yanafaa kusema msimu huu mbaya kuliko ule. Kutofautisha tani 0.9 na 1.1 hayawezi.

Tishio limekaa sawa, hatari haijakaa

Vijiji viwili vina ukame sawa kwa kila kipimo, kimoja hupokea msaada kila mara na kingine hakipokei. Umechora tishio ukaliita hatari. Hatari inataka na nani yuko njiani, na ana nini cha kumwinua akianguka: ng'ombe wa kuuza, uwele ghalani, barabara, ndugu aliye mjini anayetuma pesa kwa simu.

Wagogo wana jina la njaa ya 1917 hadi 1920: Mtunya. Mvua ilikosekana, ni kweli, lakini kabla yake jeshi la Wajerumani na kisha la Waingereza lilichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Ukame wa kiwango kile uliikuta nchi imekwisha kuvuliwa nguo. Ramani ya mvua ya miaka ile, hata kama tungekuwa nayo pikseli kwa pikseli, isingeeleza vifo.

Data za udhaifu ni ngumu. Sensa ya watu ya 2022 inakupa watu hadi chini. Tafiti za sampuli za kilimo mara nyingi zinasema mkoa tu, na kuzitandaza hadi kata ni kujipa ujuzi usio nao. Chagua vitu vichache vinavyoonekana: umbali hadi soko, mifugo kwa kaya, sehemu ya shamba iliyo chini ya mtama na uwele badala ya mahindi.

Halafu nenda kijijini na karatasi isiyo na rangi, yenye mito, barabara, shule na mipaka ya vitongoji tu. Wape wazee na akina mama wanaolima penseli nyekundu kabla hawajaiona ramani yako. Waulize: msimu gani mlipanda mara mbili? Wapi kunakauka kwanza? Ukiitoa ramani yako mapema watakubaliana nayo kwa heshima, na utarudi ofisini na uhakiki usio na maana. Usisahau kibao cha kuandikia. Upepo wa Dodoma wa Agosti unachukua karatasi.